Injini Kubwa ya Byabato

Jumatatu, 27 Juni 1955

Byabato kaja asubuhi na injini juu ya lori la kuazima. Silinda sita! Kaipata kwenye lori kubwa lililopinduka njia ya Biharamulo. Injini ya lori lake ni ya silinda nne, na likipakia kahawa linapanda mlima kama mgonjwa wa pumu. Anataka Tata, baba yangu, amfungie hii. Tata kaizunguka, kaigonga kwa spana, kakubali ni nzima. Kisha kauliza: klachi je? Giaboksi je? Byabato akasema zitabaki zile zile, hazina tatizo. Tata akaweka spana chini. Namjua Tata akiweka spana chini hivyo: hajakubali.

Mimi nilijifanya nafagia. Posa yake kwangu ilikubaliwa tangu Pasaka — tarehe ya harusi ndiyo bado.

Alhamisi, 30 Juni

Wamebishana gereji tangu saa tatu mpaka chakula. Tata alikuwa fundi wa malori ya jeshi kule Burma, hababaishwi. Anasema nguvu yote ya injini inapitia kwenye pleti moja ya klachi, nyembamba kama chapati, iliyotengenezewa silinda nne. Ikizidiwa itateleza na kuungua. Isipoteleza, yatakatika meno ya giaboksi. Byabato akasema chuma ni chuma. Tata akasema chuma nacho kina kipimo chake. Klachi ya lile lori kubwa wameijaribu — haiingii kwenye shafti ya giaboksi hii. Na giaboksi ya lile kubwa ilipasuka lilipopinduka.

Mama akawatengea ebitoke, ndizi za kupika, kwa maharage. Wakala wamepeana mgongo. Watu wawili ninaowapenda, wamenuniana kwa ajili ya pleti!

Jumatano, 6 Julai

Wamepatana. Tata kafunga pleti mpya na springi ngumu zaidi. Sasa pedali ni nzito, Byabato anaikanyaga huku kauma meno. Lori lilipowaka, mtaa mzima wa Miembeni ulitoka nje kutazama.

Sharti la Tata ni moja: mzigo usizidi ule wa zamani, magunia arobaini. Byabato alitaka sitini. Akafuta mikono. "Arobaini, Tata. Nakuahidi."

Tata akamjibu, "Ukirudi na kahawa kutoka Muleba giaboksi ikiwa nzima, tutazungumza habari za tarehe."

Nimeimba siku nzima. Mama kaniomba nipumzike.

Jumamosi, 9 Julai

Muleba. Kesho kwaya yetu inaimba kwenye sikukuu ya kanisa. Mimi ndiye niliyemwomba Byabato atubebe, maana lori lilikuwa linakuja tupu kuchukua kahawa. Kinamama kumi na sita nyuma, mimi mbele. Milima tumeipanda kama hatuioni. Byabato katabasamu njia nzima. Mungu anisamehe — nilikaa pale mbele kama malkia.

Jumatatu, 11 Julai. Njiani, hatujafika Kemondo

Naandika ndani ya lori lililosimama katikati ya mlima.

Byabato alipakia magunia arobaini kamili. Mwenye kahawa alimsihi aongeze kumi, akakataa. Nilimwonea fahari. Halafu kinamama wa kwaya wakatokea, kila mmoja na mkungu wa ndizi aliopewa na wenyeji, na mwenzao Georgina na mbuzi. Byabato akaniangalia. Nikamwambia watu si magunia. Akacheka, wakapanda.

Hapa mlimani injini ikapaza sauti, lori likazidi kupunguza mwendo. Kisha harufu, kama kitambaa kinachoungua. Nikajua kabla yake: klachi inateleza. Nikamwambia asimame. Akaweka mawe nyuma ya magurudumu. Kinamama wameshuka na ndizi zao, wanapanda kwa miguu wakiimba, mbuzi katangulia.

Byabato akakaa kwenye nyasi. Akasema atamweleza Tata kwamba amevunja ahadi. Nikasema aliyeivunja ni mimi.

"Basi tutamweleza wote wawili," akasema.

Tumengoja klachi ipoe. Akajaribu kuondoka na magunia tu, bila watu — lori likaruka, giaboksi ikalia mlio uliotutisha sote. Akazima.

Kisha akanifungulia mlango wa upande wake. "Koku, wewe umefundishwa na Tata mwenyewe. Mguu wako ni mwepesi kuliko wangu, utaiachia klachi polepole. Kaa hapa."

Nimeendesha magari ya gereji, matupu, uani tu. Lori lenye kahawa, mlimani — kamwe. Nimevua viatu. Pedali nimeijaribu mara tatu, inashuka nikiikanyaga kwa uzito wangu wote. Kule juu kwaya imesimama, wote wanatazama huku.

Byabato yuko nyuma, kashika jiwe la gurudumu, tayari kulizuia lori likirudi nyuma. Anangoja nimalize kuandika. Hanihimizi.