Shangazi, Mabuyu Haya Si Yako

Shangazi yangu, shikamoo.

Mimi mzima, ila baridi ya Aberdeen yauma masikio kama ina kisasi nami. Na mvi zangu hizi nimekaa na vijana darasani natafuta shahada ya uzamili ya biashara.

Kundi letu limechagua duka letu la Shella, na mabuyu yake, kuwa mfano wa kazi ya darasa. Nilifurahi, mpaka mwenzetu Erik, mwenye tabasamu lisilokwisha, alipoanza kuuliza. Rangi mnatia lini? Iliki kiasi gani? Na kile kinachonukia ni nini? Nami nikajiuliza, hesabu za biashara zataka iliki ya nini? Nikamwambia, "Ni mkono wa shangazi tu." Akaandika!

Jana, ili kuwaziba midomo, nilichukua mabuyu makavu uliyonifungia nikayapika jikoni mwa bweni, vile vile ulivyonifundisha. Wakala mpaka ndimi zikawa nyekundu. Erik akalamba vidole, akaapa hajapata kuonja kitu kitamu hivi. Nami nikaonja. Shangazi, hayakuwa yako. Nikarudia leo kwa sukari ile ile na iliki ile ile. Wapi!

Basi Erik, niliyedhani anatuibia siri, nimempumzisha. Ninayemshuku sasa ni wewe. Usinijibu kwa kadi ya posta, maana husomwa na kila mtu njiani. Nipigie simu uninong'oneze.

Mungu akuweke, nakupenda hivyo hivyo. Lakini miaka yote tuliyopika pamoja, mbona kila sukari ilipoanza kuchemka ulinituma mlangoni nikatazame nani anabisha, na hapakuwa na mtu?

Mwanao,
Mwanaisha