Nani Kamchinja Ng'ombe wa Sendofu?

Jumapili, 7 Septemba 2025

Baada ya misa ya pili, kikao cha sendofu ya binti yangu Pamela, sherehe ya kumuaga kabla ya ndoa. Kazi zimegawanywa. Mimi mapambo na sare. Otto ng'ombe. Huyu ndiye mdogo wangu, mjomba wa Pamela, na tangu baba Pamela afariki amejifanya msimamizi wa kila kitu humu ndani bila kuombwa. Ng'ombe yuko kwake Mshangano, atachinjwa huko huko Ijumaa, nyama iletwe hapa kwangu Msamala kwa guta la mizigo.

Nimemwambia mara mbili mbele ya kamati: mchinjaji awe Mwislamu. Wakwe ni Waislamu, wanakuja kutoka Tunduru, wamejaa basi zima. Akasema, dada, hata hilo la kunifundisha? Haya.

Sijasahau maneno ya Mzee Iddi, baba yake Abuu anayemuoa Pamela, siku ya posa. Alisema mbele ya wazee wote kwamba Pamela ataolewa akiwa na dini yake, Jumapili ataenda kanisani, na asiyependa aje amwambie yeye. Wangapi kwetu wangesema hivyo kwa binti wa Kiislamu? Mimi mwenyewe nisingesema. Tangu siku ile nalala usingizi.

Jumatano, 10 Septemba 2025

Otto kaja kunywa chai, kaanza mahubiri. Tangu aende hija Yerusalemu na watu wa parokia amekuwa profesa wa Wayahudi. Kofia aliyonunua kule haivuliwi. Leo eti Wayahudi wanafunga, Waislamu wanafunga, sisi tunafunga. Wale wanatahiri, hawa wanatahiri. Wote watoto wa Ibrahimu, tofauti ni kelele za watu tu.

Nikamuuliza: Wayahudi hawali nguruwe, Waislamu hawali nguruwe, wewe una banda zima la nguruwe. Hiyo nayo kelele? Akasema Kristo alivitakasa vyakula vyote. Basi hapo pana tofauti, nikamwambia, tena kubwa. Akacheka, akaomba sukari.

Ameniudhi kuliko mazungumzo ya chai yanavyostahili. Huyu akisema dini zote ni sawa, ujue anataka ya kwake ndiyo ipite.

Ijumaa, 12 Septemba 2025

Nyama imefika asubuhi. Nyama nzuri. Nikamuuliza Otto mchinjaji ni nani, tumtengee fungu lake.

Kajipiga kifua. Yeye!

Kachinja mwenyewe. Kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Na majibu anayo tayari, maana alishajipanga. Mkristo ni Mtu wa Kitabu, Kurani yenyewe inaruhusu chakula chake. Damu imemwagika yote, kama wanavyotaka Wayahudi. Hata Matendo ya Mitume yanakataza damu. Kwa hiyo, anasema, ng'ombe huyu ametimiza vitabu vitatu kwa mpigo. Anasema huku anatabasamu!

Nikamwambia Myahudi mwenyewe asingeigusa nyama hii. Si aliniambia yeye, aliporudi, kwamba wale wana mchinjaji aliyesomea, kisu kinakaguliwa kisiwe na pengo hata dogo, nyama inatiwa chumvi mpaka damu iishe? Yeye kasomea wapi? Bandani kwa nguruwe?

Nilisema hivyo kwa hasira tu. Halafu nikalisikia nililosema. Nikamuuliza: umetumia kisu gani?

Akasema alikiosha. Kwa sabuni na maji ya moto.

Kile kile cha nguruwe. Nimemtukana. Matusi ya kweli, na nitakwenda kuungama, lakini si leo.

Nikakimbilia kwa Zuhura, tunayeshona naye sokoni. Akasema aya hiyo ipo, na wako masheikh wanaoikubali. Wengine wanataka litajwe jina la Mungu peke yake, basi. Ila mkwe wako, akasema, haji kula aya, anakuja kula kwako. Nikamwambia na habari ya kisu. Alirudi kwenye cherehani, akashona.

Jioni, kamati. Nikasema nyama irudi Mshangano, tutafute kuku, mume wa Zuhura atuchinjie. Wakaniangalia kama mtu aliyeomba harusi ivunjwe. Kuku kwa umati wote ule? Mwenyekiti akasema yaishie humu ndani, mama, nani atawaambia? Nikauliza: Ijumaa Kuu ukaalikwa mahali, ukapewa maharage yaliyoungwa kwa supu ya ng'ombe, halafu mwenyeji akasema si hukujua — utamshukuru? Otto akadakia, ah, dada, hiyo ni tofauti.

Tofauti! Juzi si zilikuwa kelele?

Sauti yangu ikashindwa na zao. Pamela hajui kitu, anasukwa. Nyama imeshakatwa.

Jumamosi, 13 Septemba 2025

Naandika nikiwa chumba cha cherehani. Mlango nimefunga. Nje wako chini ya turubai, muziki umezimwa kwa ajili ya chakula.

Wamefika mchana, vigelegele tangu barabarani. Shikamoo Mzee Iddi — marahaba, mama Pamela, tumekuja kuchukua mtoto wetu. Wameleta korosho magunia. Otto kawapokea na kofia yake, kila sentensi Ibrahimu, Ibrahimu. Nilitamani kumzibua kibao mbele ya watu.

Maji ya kunawa yakapita. Shangazi yake Abuu akaniinamia, taratibu, kwa adabu: samahani mama, nani kachinja? Kamati nzima ikaangalia sahani tupu. Nikafungua mdomo. Mzee Iddi akawahi. Akasema, acha hayo, hapa ni kwa mkwe, hatuulizi. Huyu mama katupa binti yake, atashindwa kututunzia matumbo?

Shangazi akaomba radhi. Aliniomba mimi radhi! Mimi!

Nikasema naja. Nikaingia humu.

Nina hasira na Otto. Nina hasira na kamati, na Ibrahimu mwenyewe na watoto wake walioshindwa kupatana hata juu ya kisu. Na Mzee Iddi pia — nani alimtuma kuniamini hivyo? Angeuliza kwa ukali ningejua la kumjibu.

Nikisema, basi lao linageuza, Pamela anabaki na gauni lake. Nikinyamaza, wanakula, wanasema alhamdulillahi, wanamchukua mwanangu. Na kila Jumapili atakapokwenda kanisani kwa neno la yule mzee, mimi nitajua neno langu lilikuwa la namna gani.

Otto kaja mlangoni. Dada, usituaibishe. Nimemwambia aondoke kabla sijatoka na mkasi.

Sasa Pamela. Mama, wameshanawa, wanakusubiri uwakaribishe. Sauti ya furaha. Nimemwambia sinia zisitoke jikoni hata moja. Aniitie Mzee Iddi na yule shangazi. Kauliza kuna nini. Kauliza tena, na safari hii hakuwa na furaha. Nimesema nenda, mwanangu, kawaite.

Kaenda.

Wanakuja. Nasikia wanavua viatu mlangoni.