Macho ya Bundi Yabaki Yamefumba

Mke wangu Birgitta, Bi Gita wa ghorofa ya tisa,

Ungekuwepo ungeisahihisha barua hii kabla ya kuisoma, kwa hiyo acha niandike upesi. Nawaachia na wengine waione, maana jambo lenyewe linagusa watoto wengi kuliko wetu, na sitaki lisimuliwe na mtu asiyejua kusimulia. Hapa mtaa mzima wa Flemingdon Park msimulizi ni mmoja, unamjua.

Mhariri wako wa Stockholm alinipigia simu, yule mwenye sauti ya kubembeleza paka. Kasema kitabu chako cha mwisho ni kizuri mno, ofisi nzima imelia, na ndiyo shida yenyewe. Wanaogopa wazazi hawatakinunua. Wanaomba ukurasa mmoja tu ubadilishwe, ule wa mwisho: bundi afumbue macho. Mchoraji wao ataufanya, hakuna atakayejua mkono si wako. Ila mrithi wa kazi zako ni mimi, na bila neno langu hawagusi hata unyoya.

Nikamwambia anipe siku chache nifikirie. Umekaa na mimi miaka yote hiyo, uliwahi kunisikia nikiomba muda wa kufikiri?

Nimekumbuka tulivyoonana. Mimi mpishi wa meli, mtoto wa Tanga, nimeshapika kwenye bandari ambazo wengine wanaziona ramanini tu. Shule niliiacha darasa la sita, au yenyewe iliniacha, hatujawahi kukubaliana. Wewe umekaa soko la samaki la Gothenburg, unachora. Nikachungulia, nikakwambia huyo samaki wako ana sura ya mtu aliyekosa usingizi. Hukucheka. Ukanitazama tumbo, ukasema, "Simama hapo. Usipumue." Nilisimama mpaka mabaharia wenzangu wakaja kunitafuta. Tumbo hilo likatoka kitabuni: mnyama mnene wa misitu ya kwenu, kavaa aproni, kashika upawa, anaupikia msitu mzima. Wewe ulimpa jina la kwenu, mimi nikamwita Nyegere. Watoto wa Uswidi walilijua tumbo langu kabla hawajanijua mimi, na mpaka leo nasema hakuna mpishi wa Tanga aliyefika mbali kama tumbo hilo.

Lakini usichokiona hukukichora, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yako yote. Nyegere akianguka, nianguke mimi kwanza. Nyegere akilia, unanikatia vitunguu. Siku nilipokuuliza kwa nini unatutesa hivyo, ndipo uliponiambia habari za mama yako. Baba yako alikuwa anafanya kazi kiwanda cha mbao huko kaskazini, kwenye theluji. Mama yako akafa ukiwa na miaka saba, na watu wazima wakakwambia amesafiri. Ukawa unachora barabara, kila siku barabara ileile, ili umwone akitokea kwenye karatasi kabla hajatokea nje. Aliyekwambia ukweli alikuwa mtoto mwenzako, shuleni, huku anakucheka.

"Sitamchorea mtoto uongo, Athumani," ulisema.

Nikakuuliza Nyegere anayepika supu ni ukweli wa wapi.

"Supu yako haijaumiza mtu. Labda ile ya Jumapili."

Tulipokuja Toronto kumfuata binti yangu Neema, aliyekuwa na mtoto mchanga na zamu za hospitali kwa wakati mmoja, watu walidhani utastaafu. Ukaihamishia kazi kwenye chumba cha mashine za kufulia, kule chini. Akina mama wa Bukavu na wa Bujumbura wanasubiri nguo zizunguke, watoto wao hawana pa kwenda, wewe unatandaza michoro juu ya mashine zilizozimwa, mimi natia maneno ya Kiswahili. Kiswidi chako sikuwahi kukijua, nilisoma picha. Mtoto akigeuza kichwa kutazama nguo, ukurasa ule unaukunja na kuutupa. Mama Furaha, yule jirani wa Bukavu, akakuuliza siku moja, "Bi Gita, nzuri yote hiyo unaitupa?" Ukamjibu, "Nguo zimeishinda."

Halafu ukajitia na wewe kitabuni. Ukajichora bundi, kwa ajili ya miwani. Nikagoma.

"Kwetu bundi akitua juu ya paa, watu wanaanza kutazamana nani mgonjwa."

"Kwetu anakula panya."

"Jichore kuku."

"Kuku havai miwani."

Nikashindwa, lakini mbele ya watoto niliendelea kumwita Kuku, nao wakaniachia kama wanavyoniachia mambo mengi.

Mapafu yako yalipoanza kukataa, nilikuwa wa kwanza kusema yatapona. Nikakupigia hadithi ya baharia wa Mombasa aliyeinuka kitandani kwa tangawizi tupu. Ukaniacha nimalize. "Usinipake rangi, Athumani." Kisha ukaniomba nikupige picha kwa simu ukiwa usingizini, siku yoyote, bila kukwambia, kwa sababu uso wa mtu aliyelala hauigizwi, na wewe ulitaka kumchora bundi akiwa amekufa. Nikatoka nje bila koti nikalizunguka jengo mpaka masikio yakafa ganzi. Niliporudi ulikuwa umelala kochini, mdomo wazi kidogo, miwani imeshukia puani. Nikapiga. Mimi mtu wa kuonyesha picha zangu kila anayepanda nami lifti, hiyo sikumwonyesha mtu.

Ukurasa ule ulikuchukua muda mrefu, mistari michache, pumziko, mistari michache. "Kope ndizo ngumu," ulisema. "Ukikosea kidogo tu, anaonekana anasinzia." Ulipoumaliza hukushika tena kalamu.

Hospitali nilikushika unyayo, maana mikono yote miwili ilikuwa na mipira ya dripu. Ubaridi ulianzia pale pale nilipokushika. Nikausugua. Nesi akaniacha nisugue muda mrefu kuliko ilivyokuwa na maana.

Kwa hiyo mhariri aliposema bundi afumbue macho, Birgitta, nilitaka. Nilitaka mahali pamoja duniani, hata kama ni duka la vitabu la mji nisioujua, uwe umefumbua macho. Kidogo niseme ndiyo palepale.

Jumamosi nikateremka na michoro, pamoja na Zawadi, yule mtoto wa Neema aliyekuwa mchanga, sasa ana miaka minane na maneno ya mtu wa arobaini. Nikaisimulia hadithi yote. Nilipofika mwisho nikaijaribu ile ya mhariri. Nikasema, "Kuku amelala. Kesho ataamka, atakunywa supu."

Mashine ilikuwa inakamua kwa kelele na hakuna mtoto aliyegeuka kuitazama. Zawadi akanijibu kwa Kiingereza, kama anavyojibu kila kitu: huyo si kuku, na hajalala, huyo ni Bibi, na Bibi amekufa.

Furaha, yule mtoto wa jirani wa Bukavu, akamuuliza kama alimwona Bibi akifa.

Akasema hapana. Aliambiwa Bibi amepumzika. Na tangu hapo yeye anaogopa kupumzika.

Neema alikuwa analalamika kwamba mtoto halali. Tulilaumu simu, Birgitta. Tulimnyang'anya simu.

Nikakaa naye kwenye benchi. "Zawadi, mjukuu wangu, Bibi amekufa," nikamwambia. "Mapafu yake yalikataa. Kulala si hivyo. Ukilala, mapafu yako yanaendelea na kazi."

Akaweka kiganja kifuani, akasikiliza. "Yanaendelea," akasema, kwa Kiswahili. Kisha akaushika ule ukurasa akauangalia kwa muda, na wenzake wakasogea. Mtoto mmoja alilia. Mama yake akampakata pamoja na furushi la nguo mbichi, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Nikampigia mhariri. Kwa Kiingereza changu cha jikoni nikamwambia macho yabaki yamefumba. Akasema, kwa upole uleule, basi huenda kitabu kisitoke kabisa. Nikasema kisitoke. Akasema atazungumza na wenzake. Hajapiga tena.

Sasa jua hivyo. Vitabu vyako vyote vilitoka, na huenda hiki nimekuzikia mimi, mtu anayejisifia mpaka anavyomenya kitunguu. Hili sijajua nijisifie au nifanyeje. Michoro iko kabatini, kwenye shuka zako safi. Jana Zawadi alilala mpaka saa nne asubuhi. Neema, pamoja na unesi wake wote, akaingiwa na hofu akaenda kumwinamia kitandani, akakaa pale anahesabu pumzi za mtoto mzima kabisa, kisha akaja jikoni akanilalia begani akalia kama ambavyo hakuwahi kukulilia.

Sisemi tutaonana, ungenikemea. Nasema kwaheri, ya kweli.

Mumeo,
Athumani