Mbasa Hakai Kupigwa Picha

Jumapili, 9 Februari 2025

Nimechekwa leo. Si mara ya kwanza, ila leo nimechekwa na kikao kizima, baada ya ibada, tumbo likiwa tupu.

Kikao cha kikundi chetu cha ufukweni. Tuzuie nyavu mlangoni mwa mto mpaka Juni, samaki wetu mbasa wapande kutaga, au tuache kila mtu atege? Ebeneza, mwenye makokoro mawili, nyavu za kukokota, na sauti isiyohitaji kipaza, akasema mbasa wa hapa waliisha zamani, tunamlinda nani? Nikasimama. Nikasema tangu Januari nimenasa watatu kwa mshipi wangu, majike, matumbo yamejaa mayai, na wote nimewarudisha majini.

Ghafla kicheko!

"Mwalimu," Ebeneza akasema, "mwanaume mzima unarudisha mbasa majini, halafu unakwenda nyumbani kula mlenda?"

Na kweli nilikula mlenda. Neli, mke wangu, alikuwa kwenye benchi la kina mama, akaitikia kwa kichwa. Msaliti.

Mwenyekiti wetu, mzee Anyitike, akafunga: kura tarehe 8 Machi. Nilete picha. Samaki awe hai, uso wangu uonekane, na mlango wa mto nyuma yangu. Samaki mfu hamtaki, mfu anauzwa sokoni Ipinda. Picha isipokuwepo, Ebeneza anatega.

Miaka ishirini na tisa nafundisha Jiografia. Leo nimedaiwa ushahidi kama mtoto aliyesahau daftari.

Jumanne, 11 Februari

Nimejaribu simu ndani ya kimfuko cha plastiki, kile cha kuning'iniza shingoni. Muuzaji aliapa hakiingizi maji. Kweli, hakiingizi. Ila matone yakitua juu ya kioo, simu inadhani ni vidole. Niko majini hadi mapajani, nimenasa kitu kizito, nakivuta huku nakitukana kwa Kinyakyusa — simu imempigia Mkuu wa Shule! Amesikiliza dakika tatu nzima. Jioni kaniuliza kwa upole kama nyumbani kuna amani.

Samaki alikata mshipi akaenda. Picha zilizopatikana: kumi na moja, zote za kidole gumba changu.

Nataka kamera. Kamera ya kweli, isiyoogopa maji.

Alhamisi, 13 Februari

Kumbe mtaalamu ninaye nyumbani!

Kisa, mke wa mwanangu Jubilate, alifanya kazi studio ya picha Mbeya miaka minne. Neli kaniambia leo kama anayeniambia chumvi imeisha. Mwaka mzima mtu huyu yuko uani kwangu — Jubilate yuko Tunduma na malori — na sikujua. Ningejuaje? Ni mkamwana wangu, na kwa mila yetu mkamwana na baba mkwe hawaonani uso wala hawasemezani. Nikikohoa njiani, anatoweka nyuma ya jiko. Namfahamu kwa khanga na kwa visigino. Mchungaji alisema mila hii tuilegeze. Tukaitikia amina, tukarudi nyumbani, tukaendelea nayo. Mama yangu aliishi kiwanja kimoja na baba mkwe wake miaka thelathini. Uso wake aliuona mara moja tu, ndani ya jeneza.

Basi tumefanya mkutano kupitia Neli. Mimi barazani, Kisa jikoni, Neli mlangoni na mwiko.

"Anauliza, maji yana tope?"

"Mwambie ni chai ya maziwa."

"Anauliza, samaki atakuwa umbali gani?"

"Atakuwa mkononi mwangu."

"Anauliza, mkono upi?"

Nikaitazama mikono yangu. Mmoja una ufito wa mshipi, wa pili una samaki. Sikuwa nimehesabu.

Ushauri wake: nitafute kamera ambayo yenyewe imezibwa isiingie maji, yenye vitufe vya kubonyeza hata kwa mkono wenye utelezi, na inayovuta kitu karibu. Nisichukue zile ndogo za kuvaa kichwani zinazokaa ndani ya kasha. Zile zinataka kuona dunia nzima kwa mkupuo, na samaki ni mmoja.

Nikasema ndaga fijo. Neli akapeleka asante yangu hatua nne.

Jumamosi, 15 Februari

Nimenunua ndogo, ile ya ndani ya kasha.

Najua. Najua!

Dukani kwa Hezroni, Mbugani, zilikuwa mbili. Moja ya rangi ya chungwa, kuukuu, vitufe kama meno ya nguruwe. Ya pili mpya, ndogo kama kiberiti. Hezroni akaizamisha ndogo kwenye ndoo, akaitoa, ikaonyesha sura yangu nikiduwaa. "Inakwenda mita thelathini chini, Mwalimu!" Mimi navua pasipofika kiunoni. Mita thelathini za nini? Lakini nilipenda kusikia. Na niseme ukweli, hapa hakuna anayesoma: niliona haya kumwambia Hezroni kwamba mkamwana ndiye aliyenichagulia ile nyingine.

Neli kaitazama, kaingia jikoni. Nikasikia minong'ono. Halafu kimya kirefu cha heshima.

Jumatano, 19 Februari

Nimempata! Jike, mrefu kama mkono wangu mpaka begani, anang'aa kama sufuria mpya. Kamera nimeivaa kichwani. Nimepiga, nimemrudisha, nimeimba njia nzima.

Nyumbani tukafungua picha. Ziwa lote limo. Milima ya Livingstone imo. Tumbo langu limo, tena limejipinda pembeni kama boga. Na pale katikati, mbali, kitu chembamba cheupe.

Nikampelekea Ebeneza hivyo hivyo, kwa ukaidi. Akaitazama muda mrefu, akaniambia hongera Mwalimu, umevua usipa.

Mbasa yule! Usipa, dagaa wa kidole kimoja!

Jumanne, 25 Februari

Ukungu ndani ya kasha. Asubuhi baridi ya mto, mchana jua, kioo kinatoka jasho. Neli kaleta ujumbe kutoka jikoni: nikague ule mpira wa mlangoni mwa kasha, chembe moja ya mchanga inatosha kulivujisha, na nitie punje chache za mchele mkavu zinyonye unyevu. Neli amenihesabia punje kumi huku ananung'unika kwamba mchele wa Kyela watu wanaufuata kutoka Dar, sisi tunaulisha kamera.

Ukungu umeisha. Ila punje moja imekwenda kukaa mbele ya lenzi. Nina picha ishirini za punje ya mchele, kubwa kama mtumbwi.

Zimebaki siku kumi na moja.

Jumamosi, 1 Machi

Nimerudi kwa Hezroni, mkia katikati ya miguu. Ile ya chungwa ilikuwepo. Amekubali kubadilishana, na debe la mchele juu. Akaniuliza nani kanishauri safari hii. Nikasema nimesoma mahali.

Jioni nimekuta kamera juu ya meza imefungwa kipande cha kandambili kwa uzi wa nailoni. Neli akasema: Kisa ameijaribu ndooni, inazama kama jiwe, sasa itaelea. Halafu akasema, yeye mwenyewe, si ujumbe wa mtu: "Ungemsikiliza tangu mwanzo, baba Jubilate."

Nimemsogezea sahani aniongeze mlenda.

Jumatano, 5 Machi

Siku nne mshipi haujaguswa. Mvua milimani, mto umejaa tope. Leo mbasa wa tano alifika. Nikakamata ufito kwapani, samaki mkono wa kushoto, kamera mkono wa kulia. Nikapiga wingu. Nikapiga sikio langu. Nikashika kamera kwa meno, nikabonyeza kwa kidevu. Samaki akaniangalia, naapa, kwa huruma, akaenda zake.

Lazima awepo mtu wa pili. Mwalimu mwenzangu Amon nimemwomba. Anasema ana mitihani ya kusahihisha. Mitihani ni mwezi wa sita. Nimewaomba wengine wawili. Hakuna anayetaka kuonekana amenishikia kamera, nusu ya ufukwe inakula kutoka kokoro la Ebeneza, na siwalaumu sana. Neli mguu umevimba, hawezi utelezi wa mtoni.

Ebeneza ameshachimbia nguzo pande zote mbili za mto. Bado wavu tu. Amenipungia mkono kwa furaha kabisa. Ningemchukia kama angekuwa mtu mbaya.

Ijumaa, 7 Machi, saa sita mchana, hapa hapa mtoni

Naandikia juu ya jiwe, mguu umekanyaga kamba. Mwisho wa kamba kuna wavu wa mfuko, na ndani ya wavu, kwenye maji ya magotini, yumo. Jike. Mkubwa kuliko wote. Tumbo limejaa, ukimgusa mayai yanachungulia.

Na kamera haiwaki! Betri nimeiacha kwenye chaji. Mtu mzima, mwalimu, betri ukutani!

Nikapiga simu. Neli amekwenda msibani Mwaya na lifti ya bodaboda. Akasema ngoja. Nimengoja. Samaki anapumua polepole zaidi kuliko alivyokuwa anapumua saa tano.

Sasa hivi nyuma yangu matete yametikisika. Nimeona pindo la khanga. Kikapu kimewekwa mchangani. Halafu sauti — mwaka mzima sijaisikia karibu hivi, ni nzito kuliko nilivyodhani — ikasema, si kwangu:

"Kikapu, mwambie mwenye samaki betri hii hapa."

Nikageukia ziwa. "Kikapu, mwambie ndaga fijo."

Nilitegemea visigino viondoke. Havikuondoka.

"Kikapu, muulize, nani atapiga?"

Nikasema hakuna mtu.

Ndege akaruka kwenye matete.

"Kikapu, mwambie aliyepiga harusi mia mbili yupo. Ageukie kule, ashike samaki kwa chini ya tumbo, nitapiga mikono na samaki. Nyuso sina haja nazo."

Binti ana akili! Lakini mikono si uso. Mzee Anyitike alitaka uso, na Ebeneza kesho atasema mikono hiyo ni ya nani, ya Mwalimu au ya muuza samaki? Nimeyasema haya yote kwa kikapu.

Na wataniuliza mbele ya watu wote, nani amepiga? Nitasimama niseme nini? Nikidanganya, nimewapa mbasa wa uongo. Nikisema kweli, mkamwana wangu atatajwa visimani kote kuanzia hapa mpaka Ipinda. Mimi ni mzee, nimezoea kuchekwa. Yeye hajazoea.

Hayo nayo nimeyasema. Kwa sauti. Nimemwambia anaweza kuacha betri aende, na hakuna atakayemlaumu.

"Kikapu," ikasema ile sauti, "muulize samaki atakaa muda gani."

Nimetazama. Amelala ubavu kidogo. Nimemgusa, amejiweka sawa. Hatakaa.

Betri nimeitia. Imewaka. Kamera nimeirudisha juu ya kikapu, nimerudi majini hatua sita, nimesimama mlango wa mto ukiwa nyuma yangu, nguzo za Ebeneza kushoto na kulia. Nimetoka tena mara moja kuandika mistari hii miwili, kisha nirudi nimnyanyue samaki.

Nimevua kofia. Nimemwambia kikapu kwamba nikishamnyanyua nitafumba macho, nisimwone mpiga picha, na nitayafumbua nikiambiwa.

Matete yanafunguka, mkono unaichukua kamera kikapuni —