Maji Aliyoyasifu Baba

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, wifi na watoto. Natumaini hamjambo na kikohozi cha wifi kimepungua. Sisi huku ni wazima, ila kichwa changu kimevurugika. Nimeshika kalamu kwa sababu ningekupigia simu Baba angesikia kila neno.

Ukarabati wa lile jiko umekwisha. Shemeji yako alimleta fundi bomba, akang'oa mabomba yote yenye kutu na kuweka mapya ya plastiki, na sinki linang'aa mpaka unaona haya kuliwekea sufuria chafu. Siku ya kwanza nilikinga maji mbele ya wote, nikanywa glasi nzima. Kaka, yalikuwa mabaya! Yananuka mpira, yanakwama kooni. Lakini shemeji yako alikuwa amesimama pale ananitazama kama bwana harusi, nami ningesemaje? Nikatabasamu, nikamshukuru. Halafu Baba akanywa, akatulia kidogo kama kawaida yake, akatangaza kuwa maji ni safi, tena matamu kuliko ya zamani.

Basi, mjadala ukafungwa. Si unaijua nyumba yetu? Mtu aliyeonja chai kiwandani maisha yake yote, ambaye mabosi hawakufunga gunia kabla hajasema neno, nani ambishie? Nikaanza kuushuku ulimi wangu mwenyewe. Nikapiga mswaki mpaka fizi zikauma. Nikaenda zahanati, daktari akaniuliza kama nina mimba, nikamwambia sina, akanipa vitamini. Jirani, ambaye hana dogo, alionja chai yangu akaniuliza amenikosea nini hata namlisha sumu. Nilipompigia fundi alicheka, akasema mzee mwenyewe ameyapitisha, mimi naleta madeko. Hata shemeji yako nilimkuta akimwaga kikombe dirishani, naye akajitetea kuwa labda ni mafua yake. Nyumba nzima tunakunja sura, na kila mmoja anajilaumu peke yake!

Jumapili uvumilivu ulinishinda. Nikaweka mezani glasi ya maji yetu na ya kwa jirani, nikamwomba Baba atupambanulie mbele ya wote. Binti yangu, kwa utani wake na babu yake, akatia kijiko kizima cha chumvi katika ile ya jirani, akingoja kufukuzwa kuzunguka meza. Baba akainywa. Akasema hii ndiyo ya kwetu, haina kasoro. Watoto wakacheka wakidhani naye anatania. Akawatazama mmoja mmoja, kisha akanitazama mimi, na nikaona hajui wanacheka nini.

Tulipobaki wawili ndipo aliponiambia. Tangu ile homa kali iliyomlaza, hasikii ladha wala harufu ya kitu chochote. Chai, ndimu, dawa, kwake vyote ni moto au baridi tu. Nikamuuliza sasa amekuwa akijuaje kipi kizuri na kipi kibaya. Akasema hutazama nyuso zetu. Kumbe ndiyo maana siku hizi hututaka tuanze sisi kula na kunywa, nami nilidhani ni upole wa uzee. Na yale maji aliyasifu kwa sababu aliniona nikiyanywa na kutabasamu.

Mimi niliuacha ulimi wangu nikaamini wake, kumbe wake ulikuwa uso wangu, na uso wangu ulikuwa unadanganya! Mpaka sasa nikilifikiria nachanganyikiwa upya.

Fundi nilimfokea, akaja, akakuta chini ya sinki ameunga kipande cha mpira wa bustani. Amekibadilisha, na maji sasa ni maji. Hilo limekwisha. La Baba ndilo silijui.

Amenisihi nisikwambie. Kila ukipiga simu unamuuliza majani ya chai uliyomtumia yakoje, na anaogopa ukijua utaacha kumuuliza. Sasa sijui kama nimemsaliti au nimemsaidia. Nakuomba tu usiache. Muulize kama zamani, na jibu lolote atakalokupa, lipokee.

Jana alinisogezea kikombe chake, akaniomba nimweleze chai ilivyo. Nikasema ni nzuri. Akaniambia kwa ukali wake wa kiwandani kwamba hilo si jibu: nzuri vipi, inaanzia wapi ulimini, inaishia wapi? Nikanywa tena, machozi yananilengalenga, nikasema inakwaruza kidogo mwanzoni, kisha inalainika, halafu inaacha kitu mfano wa majani mabichi. Akaniambia niendelee, polepole, nisiruke kitu.

Mpe wifi salamu zangu, na watoto uwaambie shangazi anawakumbuka. Shemeji yako anakusalimu sana. Baba pia anakusalimu, ingawa hajui nakuandikia nini.

Ni mimi mdogo wako,
Kiherehere, jina ulilonipa mwenyewe