Mabega ya mama

Kwako yaya Gradi, huko Kalengera,

Siku hizi najifunza kukanda watu, na nimekuwa fundi: hata mlima Nyiragongo ukinipa mgongo wake, nitaukanda mpaka volkano yote ikorome! Mama Bénita anayetufundisha masaji hapa Goma anasema nipunguze nguvu. Wivu tu.

Kuku wetu ametaga. Na weye, mwaka wa tatu sasa haujarudi nyumbani, bado unasema barabara ni mbaya?

Jumapili nilimukanda mama mabega na mafuta ya mawese, polepole, vile ulikuwa unamufanyia akitoka kubeba makala. Akalainika, macho yamefungwa, akauliza: "Gradi, umerudi?"

Kisha akageuka, akaniona, akalia. Tangu siku ile hataki nimuguse. Nimechanganyikiwa, yaya. Mikono haikukosa kitu. Lakini alipouliza vile, nilimujibu: "Ndiyo, mama, nimerudi."

Mudogo wako,
Lévi