Breki za Shemeji

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Kefule! Leo nimefungua tangi la upepo wa breki la lori la shemeji Abdulbasit, na kilichotoka si maji — uji! Mweusi, mzito, mafuta na kutu, ukanirukia mpaka ndevuni. Nimejisugua kwa sabuni ya unga, bado nanuka. Chai ya jioni imenishinda.

Tangi lina kamba chini, ya kuvuta kila asubuhi maji yatoke. Kuvuta tu! Abdulbasit ati hakujua. Dereva huyo! Lori amelipata mwezi wa saba, baada ya miaka ya kukaa barazani Ndia Kuu akivizia watalii. Sasa analing'arisha nje: taa za rangi, mapazia yenye mashada. Chini — choo.

Jumanne, 4 Novemba

Nimejua kwa nini Abdulbasit anajisifu ana breki kali. Ni Tom, fundi mwenzangu hapa yadini Shimanzi. Kila Jumamosi anaingia chini na spana, anakaza slaki, ile mikono ya breki kwenye magurudumu. Robo zunguko, robo zunguko, anatoka anajipangusa vidole. Madereva wanampenda. Ati mkono wa Tom una baraka.

Lakini hizi ni slaki za siku hizi — zinajikaza zenyewe kila dereva akikanyaga! Ukiona imelegea, ugonjwa uko kwingine. Ukiilazimisha kwa spana unasaga meno yake ya ndani. Hapa yadini gari litashika vizuri. Likibeba mzigo, likipata moto, linakuachia.

Nikamwambia. Akacheka. Anakaza tangu zamani, hajaua mtu. Hajaua mtu! Ndiyo sifa ya kutembea nayo mjini?

Jumatano, 5 Novemba

Nimefungua magurudumu ya trela. Astaghfirullahi. Liningi za breki zimelowa mafuta, nyingine zimepasuka. Gurudumu la nyuma kushoto halina breki kabisa: mpira wa upepo umekunjwa, ukafungwa kwa utepe wa tyubu kuukuu. Nikadhani Tom. Kumbe Abdulbasit mwenyewe! Ulivuja njiani huko Mariakani, akaufunga afike nyumbani. Kisha akasahau.

Akasahau! Mtu husahau mwavuli.

Nikaenda kwa meneja, Oliver. Hakuinua macho kwenye simu. Vipuri wiki ijayo. Mzigo ni Jumamosi — saruji, unakwenda Kwale, na utapita feri kwa sababu barabara ya Dongo Kundu ni kuzunguka. Nikamwuliza kama amewahi kusimama kwenye mteremko wa feri asubuhi, watu wamebanana mbele ya magari. Akasema Tom atakaza.

Alhamisi, 6 Novemba

Mwanaesha amekuja kwangu Majengo na sahani ya vibibi. Dada yangu nikimwona na sahani najua kuna jambo. Kaka, ati, wataka mume wangu arudi barazani? Kwani wewe pekee ndiye fundi Mombasa nzima? Nikamweleza pole pole, utepe, mafuta, mteremko, wale kina mama na vikapu vyao. Akasikiza mpaka mwisho. Kisha akasema mwenye breki ni Mungu.

Audhubillahi! Nikamwambia Mungu hakumtuma mtu afunge mpira kwa tyubu. Akalia, akaondoka, sahani kaiacha. Vibibi nimempa jirani. Nampenda dada yangu, na leo nimemchukia, na hilo pia linanichefua.

Ijumaa, 7 Novemba

Baada ya swala nimemngoja Abdulbasit mlangoni mwa msikiti. Nimemwomba — mimi, mkubwa wake — aseme anaumwa, asiende kesho. Akawa anatafuta viatu vyake muda mrefu, na viatu viko mbele yake. Sikio la kufa halisikii dawa. Nimechoka.

Jumamosi, 8 Novemba

Naandika ndani ya kabini ya lori lake. Milango nimeifunga.

Nilikuta limeshapakiwa, pua iko langoni. Abdulbasit kashuka kununua mahamri. Nikakata mpira wa upepo kwa kisu, nikapanda. Upepo ukiisha, springi zinabana magurudumu, gari haliendi hata kwa dua! Nyuma yangu malori yamepangana. Honi, matusi ya wazazi. Tom anatafuna muguka ukutani, anawaambia watu nimeingia wazimu. Meneja anaita polisi. Awaite! Waje na tochi wachungulie huo uchafu.

Mwanaesha anapiga simu. Sishiki.

Sasa Abdulbasit kaingia chini na spana. Anazirudisha springi nyuma kwa bolti, moja baada ya moja, ili magurudumu yaachie. Kafundishwa na nani? Tusiulize. Trela amemaliza. Yuko chini yangu, naisikia spana kwenye sakafu ya kabini.

Lango hili lina mteremko mpaka barabarani. Nimetoa kichwa dirishani, nimetazama magurudumu. Hakuna hata jiwe moja la kuyazuia! Hakuweka mawe! Nimetia gia, lakini gia haitashika saruji yote hii. Kanyagio la breki halina upepo, mimi mwenyewe nimeukata. Springi ya mwisho ikiachia, lori linampitia yeye kwanza.

Nimewapungia wale wa langoni walete mawe. Wanadhani nawatukana, wananirudishia.

Nimepiga sakafu kwa kisigino. Abdulbasit, toka! Hujaweka mawe!

Spana ikanyamaza. Akajibu, sauti yake ya upole ile ile: basi shuka uniwekee, shemeji.

Nikishuka wanaichukua kabini, mpira wanaufunga kwa utepe, na kabla ya adhuhuri lori liko feri.

Spana imeanza tena.